Aishi Sana

Siku hakimu aliposoma hukumu ya kunyongwa mpaka kufa, Mama Dobi alitoka mahakamani akarudi moja kwa moja kwenye chumba chake cha kufulia, akawasha pasi. Mdogo wake, aliyefanya naye kazi pale, alimwambia apumzike, mashati ya watu hayana miguu, hayatakimbia. Hakumsikia. Alipiga pasi mpaka jua likazama, na kila kola aliyoilaza mezani na kuibana kwa chuma cha moto aliiona ni shingo. Aliibana, akaigeuza, akaibana tena. Mdogo mtu, ambaye mdomo wake haukuwahi kwenda likizo, alizitazama kola zile zilivyokakamaa akasema wateja watadhani wamefungwa plasta. Mama Dobi alicheka. Ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka tangu amzike mwanawe.

Mwanawe alikuwa fundi wa betri katika gereji moja nyuma ya soko. Aliyemuua alikuwa mpiga rangi wa gereji hiyohiyo, kijana aliyekula naye sahani moja, ambaye watu walimwita Rangi kwa sababu kucha zake zilikuwa leo nyekundu kesho bluu. Ugomvi wao ulikuwa wa redio ya gari la mteja. Redio ilipotea, fundi betri akamwambia mwenye gereji kwamba anamjua aliyeichukua, na mchana wa siku ya pili Rangi alimjia kwa nyuma akiwa na spana ya magurudumu. Yote hayo yalisemwa mahakamani, na Rangi mwenyewe hakukana hata moja.

Sasa, sheria ya nchi ile ilikuwa hivi. Mtu akishahukumiwa kunyongwa, kabla ya kitanzi inakaa kamati ya msamaha. Kamati husikiliza watu wa magereza, humsikiliza mfungwa, na mwisho humsikiliza ndugu wa marehemu. Ikitaka, inaweza kugeuza kitanzi kuwa kifungo cha maisha. Kila mtu alijua kwamba neno la mama mzazi ndilo zito kuliko yote. Kwa hiyo kuanzia siku ile shingo ya Rangi ilikuwa mkononi mwa Mama Dobi, na Mama Dobi alilala vizuri.

Asiyelala vizuri alikuwa paroko wake. Huyu alikuwa padri kijana, mwembamba, mwenye haraka hata ya kutembea, na ndiye aliyekuwa akiwahudumia wafungwa wa gereza kuu. Alimfuata Mama Dobi nyumbani, akamfuata kwenye jumuiya, akamfuata hata kwenye kamba za kuanikia nguo, akiinamisha kichwa kupita chini ya mashuka yaliyolowa. Maneno yake yalikuwa yaleyale. Kanisa limesema adhabu ya kifo haikubaliki. Hata muuaji ana heshima aliyopewa na Mungu, na hakuna serikali yenye ruhusa ya kumvua. Akamwomba aende mbele ya kamati aseme Rangi asinyongwe.

Mama Dobi alimsikiliza huku ana vibanio vya nguo mdomoni, kisha akavitoa, akamjibu kwamba hayo si aliyofundishwa.

Na ni kweli hakufundishwa hivyo. Alikuwa amebatizwa ukubwani, baada ya kufiwa na mumewe. Shule aliiacha mapema, na kusoma vizuri alijifunza katika darasa la jioni la watu wazima, katika ukumbi wa parokia, wanafunzi wakiwa wamekaa kwenye viti vya watoto magoti yakigusa kidevu. Aliyewafundisha alikuwa katekista mzee, mtu mrefu mwenye koti moja, waliyemwita Mwalimu. Mwalimu alikuwa na kitabu chake cha zamani cha mafundisho, cha maswali na majibu, na humo iliandikwa kwamba serikali halali inaweza kumuua mhalifu mkubwa, kwa kuwa haibebi upanga bure. Mama Dobi alikariri jibu lile pamoja na mengine yote akiwa kwenye pasi. Mistari ya imani yake aliijua kwa kuipitisha juu ya suruali za watu.

Jioni moja padri aliingia katika darasa hilo, ambalo Mama Dobi bado alihudhuria, akaketi nyuma, na mambo yakalipuka. Alianza padri kusema kwa upole kwamba jibu lile limebadilishwa na Baba Mtakatifu mwenyewe. Mwalimu akavua miwani. Akauliza, pia kwa upole, kama ukweli una tarehe ya kuharibika kama maziwa. Darasa likacheka. Padri akasema ukweli haubadiliki ila sisi tunauelewa zaidi, kama mtu anayeendelea kupanda mlima na kuona mbali. Akataja Kaini, aliyemuua ndugu yake, na Mungu akamtia alama mtu asimguse. Mwalimu akamtaja yule mhalifu aliyesulubiwa pembeni ya Bwana, aliyekiri mwenyewe kwamba anapata anachostahili, na Bwana hakumkosoa.

"Na zaidi ya hapo, Padri," Mwalimu akasema, "hakuna kitu kinachomfanya mtu atubu upesi kama kuijua siku yake ya kufa. Ukimwacha aishi, atasema kesho, kesho. Kitanzi kinamwambia leo."

"Mungu anataka kumpa kesho, Mwalimu. Wewe nani umnyang'anye?"

Darasa zima likageuka kumtazama Mama Dobi, kana kwamba ni yeye atakayetoa alama. Alisema tu kwamba yeye yuko na Mwalimu. Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayechagua kitambaa dukani. Njiani kwenda nyumbani alisali rozari yake, na katika kila tendo alimkumbusha Mama wa Mungu kwamba naye aliuliwa mtoto, kwa hiyo asijifanye hajui.

Padri hakukata tamaa. Alimwomba jambo moja la mwisho: kabla ya kamati kukaa, aende naye gerezani akamwone Rangi uso kwa uso. Mama Dobi alikubali haraka mno, na padri alifurahi, maskini. Hakujua kwamba mwenzake alikuwa akitaka kuona hofu. Kwa miezi mingi alikuwa akijaribu kuufikiria uso ule ukiwa na hofu, na alikuwa amechoka kufikiria.

Chumba cha wageni kilipakwa rangi ya kijani mpaka kiunoni na nyeupe juu, na kilinuka dawa ya choo. Kulikuwa na benchi, wavu wa chuma, na benchi jingine upande wa pili. Askari aliyekuwa na funguo aliwaambia waongee kwa sauti ili asikie, kisha akaendelea kuchokoa meno. Rangi aliletwa. Alikuwa amekonda, kichwa kimenyolewa, na kucha zake zilikuwa safi. Hilo ndilo lililomshtua Mama Dobi kwanza, zile kucha. Shingoni alivaa rozari ya uzi, mafundo matupu, kwa kuwa ya shanga haikuruhusiwa.

Hakuwa na hofu. Mama Dobi aliitafuta usoni mwake kama mtu anayetafuta doa kwenye shuka, akageuza huku na huku, hakuiona. Kijana alimwamkia, akapiga magoti kwenye sakafu ya saruji, akaomba msamaha kwa maneno machache ambayo ilionekana ameyarudia mara nyingi. Mama Dobi alimuuliza jambo alilotaka kuuliza mahakamani akakatazwa.

"Mwanangu alisema nini?"

Rangi akamtazama padri, padri akaitikia kwa kichwa kumruhusu.

"Hakusema kitu, mama. Hakuniona. Alikuwa ameinama kwenye betri, anapiga mluzi."

"Hata jina la Yesu hakuita."

"Hakupata nafasi, mama."

Mama Dobi alizitazama zile kucha safi. Mwanawe alikuwa akiishi na mwanamke bila ndoa. Kanisani hakuwa amekanyaga kwa muda mrefu, na kila alipoambiwa aliahidi kuja Jumapili ijayo, akimbusu mama yake kwenye paji la uso ili anyamaze. Jumapili ijayo hiyo ndiyo iliyokatwa na spana. Alikwenda mbele ya Mungu hana kitubio, hana komunyo, hana mafuta matakatifu, ana mluzi.

Rangi aliendelea kuongea. Alikuwa na sauti ya mtu aliyeshiba. Alisema yeye hakuomba mama amwombee maisha, hilo lilikuwa wazo la Padri. Yeye yuko tayari. Ameungama yote tangu utotoni. Padri amemwahidi kuwa naye asubuhi ile, kumpa komunyo kama chakula cha safari, na kumshika mkono mpaka mlangoni.

"Mimi naogopa kuachwa kuliko kunyongwa," alisema. "Humu ndani mtu anaoza, mama. Walioachwa maisha nawaona. Wanakuja wamesali, baada ya miaka wanauza wenzao kwa sigara. Mimi najijua. Leo niko safi. Wakiniacha humu nizeeke, nitarudi kuwa yuleyule."

Askari aliacha kuchokoa meno. Padri akaanza kusema kwamba neema haina mwisho, lakini Mama Dobi alikuwa ameshasimama na kukunja kanga yake begani. Alikuwa amepata alichojia, tena si kile alichokitarajia.

Nyumbani hakula. Alikaa kwenye beseni lililopinduliwa katikati ya mashuka, mdogo wake akichemsha wanga wa kukazia kola, na hesabu yote ikajipanga kichwani mwake kwa utaratibu, jinsi alivyofundishwa darasa la jioni. Mtu akifa ametubu, ameokoka. Rangi ametubu. Wakimnyonga sasa, anafungua macho mbinguni. Na mwanawe mwenyewe yuko wapi? Toharani kama Mungu ni mwema sana, na kama si hivyo, hakutaka kumaliza wazo. Ndiyo kusema muuaji alipewa kila kitu alichomnyima mwenzake: siku ya kujiandaa, padri wa kumshika mkono, chakula cha safari. Na yeye, mama mzazi, alikuwa akijipanga kwenda kumfungulia mlango.

Mdogo wake alimuuliza kama bado ana mashaka. Si anyongwe tu, yaishe, alisema, maana nyumba nzima imegeuka kesi, hata sabuni inanuka mahakama.

"Hayaishi," Mama Dobi akasema. "Ukimnyonga leo unampeleka kwenye harusi."

Mdogo mtu akaacha kukoroga. Alimtazama dada yake kwa muda, kisha akasema kwa sauti ya chini ambayo haikuwa yake kwamba wakati mwingine anamwogopa.

Kamati ilikaa katika chumba chenye feni iliyozunguka bila kutoa upepo. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja mnene mwenye sauti ya mkunga, mwenye kujua kumpa mtu muda. Padri alikaa upande mmoja, midomo ikienda kwa sala. Mwalimu alikaa upande mwingine na koti lake, kwa kuwa Mama Dobi alikuwa hajamwambia mtu neno, na mzee alikuja kumpa nguvu asiyumbishwe. Rangi aliingizwa akiwa na pingu, akaketishwa karibu na mlango. Alimtazama Mama Dobi akatabasamu kidogo, kama mtu anayemtambua msindikizaji wake kituoni.

Mwenyekiti alimwambia mama asiogope, aseme kilichoko moyoni. Mama Dobi alisimama. Hakuwa anaogopa. Alisema yeye ni mama wa marehemu, na kwamba Kanisa lake linafundisha kuwa mtu asiuawe hata kama ameua, naye ni mtoto wa Kanisa.

"Naomba asinyongwe," alisema, na akageuka kumtazama Rangi wakati wa kusema lililobaki. "Mwacheni aishi. Aishi sana. Azeeke humohumo."

Padri aliziba uso kwa viganja, mabega yakatikisika. Mwalimu aliinamisha kichwa taratibu kama mtu aliyesahihishwa mbele ya darasa lake. Na Rangi, alipoelewa, alitoa sauti ambayo Mama Dobi hakuwahi kuisikia kwa mtu mzima, akaangusha paji la uso juu ya pingu zake akalia. Watu wote mle ndani waliona ni kijana anayelia kwa shukrani. Mwenyekiti mwenyewe alitafuta leso. Ni Mama Dobi peke yake aliyejua analia nini. Hatimaye aliiona ile hofu, yote, usoni na mikononi na magotini, na ilikuwa tamu. Aliinywa taratibu, asiimalize upesi.

Kamati ikageuza hukumu kuwa kifungo cha maisha.

Baada ya hapo parokia haikumwacha apumue. Padri alihubiri juu ya mama mmoja ambaye hakumtaja, watu wote wakageuza shingo kumtafuta. Wanawake wa jumuiya walimpelekea vitambaa vyao vya mezani avifue ili tu wamguse mkono. Mwalimu alikuja kwenye chumba cha kufulia na shati ambalo halikuwa chafu. Alilikabidhi, akakohoa, akasema kwamba amefundisha miaka yote kwa kitabu, na sasa amefundishwa na mwanafunzi wake. Mama Dobi alilipokea shati akaliweka kwenye kapu. Kumkatalia hakuweza, kumkubalia hakuweza. Mzee alipotoka, mdogo wake akasema, bila kuinua macho kwenye pasi, kwamba sasa kilichobaki ni kumchonga sanamu na kumwekea mishumaa.

Utamu ule ulidumu, hilo lazima lisemwe. Asubuhi aliamka nao. Alijua kwamba huko gerezani nako kumekucha, na kwamba mtu fulani amefungua macho akaona ukuta uleule. Alisali. Hakuwahi kusali vizuri kama siku zile. Aliomba waziwazi, kwa magoti, kwamba Rangi achoke kusali.

Ni sala hiyo iliyompeleka kwenye kitubio. Si majuto. Alikwenda kwa sababu alikuwa mtu wa utaratibu, na jambo kubwa kama lile alitaka ligongwe muhuri. Jumamosi alasiri alijipanga kwenye foleni ya wanaoungama, wakampisha mbele, akakataa. Zamu yake ilipofika alipiga magoti akamwambia padri kila kitu: aliyoyasikia kwenye wavu, hesabu aliyoipiga kwenye mashuka, na kile anachokiomba kila asubuhi.

Upande wa pili wa pazia, padri alikuwa ameshinda ubishi wake wote, na sasa aliuona ushindi wake ulivyo.

"Sikukosea mafundisho, Padri," Mama Dobi akasema. "Nilisema kama mlivyotaka."

"Hukukosea mafundisho, mama."

"Basi niondolee dhambi."

Padri akamweleza polepole, akitafuta kila neno. Alisema ile kesho aliyompa Rangi si mali yake kuitumia kama mtego. Muda ule ni wa Mungu, na Mungu anaweza kumfanyia kijana yule mema ambayo mama hatayapenda. Na hata kwa mwanawe, nani alimwambia kwamba kati ya spana na sakafu Mungu hakupata nafasi? Kisha akamuuliza kama anajuta.

Mama Dobi alijichunguza. Alifanya hivyo kwa uaminifu, jinsi alivyokagua shati kabla ya kulikunja, mikono, kola, mifuko. Alimtafuta mtu anayejuta mle ndani yake. Alimkuta aliyechoka, alimkuta aliyelia, huyo mwingine hakumkuta.

"Bado," alisema.

"Unataka kujuta?"

Hilo hakulitegemea. Alikaa nalo mpaka magoti yakauma.

"Sijui, Padri. Nikijuta nitabaki na nini?"

Padri hakumwondolea. Alimwambia kwamba hawezi, kwamba mlango uko wazi, arudi hata kesho, hata usiku amgongee. Akambariki tu, kama wanavyobarikiwa watoto wasiofika umri wa kukomunika.

Alipotoka, watu kwenye foleni waliona amekawia, nao wakatazamana kwa maana: mtu kama yule si dhambi zinazomweka ndani, ni sala. Aliyekuwa mwisho wa benchi alikuwa muuza mayai, mwanamke mfupi aliyeuliwa mumewe na wezi barabarani. Alimshika Mama Dobi mkono akamwomba kwa kunong'ona amwambie, yeye aliwezaje. Yeye anajaribu, alisema, kila siku anajaribu kusamehe, na kila siku anaamka anataka kuwaona wamekufa.

Mama Dobi aliangalia ule mkono ulioshika wake. Ingekuwa rahisi kusema neema ya Mungu. Mwalimu angependa jibu lile.

"Sijaweza," alisema. "Nilimwacha aishi ili ateseke. Padri amekataa kuniondolea."

Alingoja mkono uondoke. Haukuondoka. Muuza mayai alimtazama machoni, tena kwa muda, kama mtu aliyesikia lugha ya kwao mahali pa ugenini. Kisha akajisogeza kwenye benchi akampa nafasi.

"Kaa basi," akasema. "Mimi wangu hata hawajakamatwa. Wakikamatwa sijui nitasema nini."

Mama Dobi akakaa. Pazia lilifunguka, mtu akatoka, mwingine akaingia. Foleni ikasogea mbele na kuwaacha wawili wale pale walipo, mabega yamegusana, wala hakuna aliyemwambia mwenzake ainuke.